Furaha Isiyokauka Kiangazi

Mama mpendwa, je, umewahi kuambiwa "Usilie, mshukuru Mungu" wakati moyo wako umepasuka? Sisi tumewahi kuambiwa. Na kwa aibu tunakiri kwamba nasi tumewaambia wenzetu maneno hayohayo.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Olmotonyi alijifungua mtoto ambaye hakumaliza hata wiki moja. Tulikwenda kumpa pole kama ilivyo desturi, tukiwa na unga, sukari na kuni. Tuliimba, tukaomba, tukamhimiza afurahi katika Bwana. Aliitikia "Amina" akanyamaza. Jumapili moja akaja kanisani akitabasamu, nasi tukasema, "Bwana asifiwe, mwenzetu amepona."

Kumbe usiku halali, na chakula hakipiti kooni. Baada ya miezi miwili mume wake alikuja kutuita: mama hakutaka tena kutoka kitandani, wala kumshika mtoto wake mkubwa.

Na baadhi yetu ni wauguzi! Wodini hatukubali mgonjwa aseme "sijambo" tukamwacha bila kumpima joto. Lakini kanisani tuliridhika na tabasamu.

Yesu naye alilia

Tulirudi kwenye Biblia, tukasoma Yohana sura ya 11. Yesu alijua kwamba muda si mrefu angemwita Lazaro kutoka kaburini. Hata hivyo, alipowaona Mariamu na waombolezaji, alitoa machozi. Kama yeye mwenye ufufuo alilia, sisi ni nani hata tumkataze mama aliyezika mtoto? Machozi si upungufu wa imani.

Tukasoma pia barua kwa Wafilipi. Paulo anataja furaha mara nyingi, naye alikuwa mfungwa. Hakuwa na raha, lakini furaha alikuwa nayo. Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunaielewa tofauti hiyo. Wakati wa masika korongo hujaa maji na kuvuma usiku kucha, lakini kiangazi kikija, unalivuka kwa ndala. Chemchemi haina kelele, ila hutoa maji hata wakati wa jua kali, kwa sababu maji yake yanatoka mbali, ndani ya mlima. Raha ni kama korongo: mshahara ukiingia, watoto wakifaulu, mume akiwa na maneno mazuri, inajaa. Furaha ya Kikristo ni chemchemi. Chanzo chake ni Kristo aliyefufuka, si hali ya nyumba yetu siku hiyo.

Tumaini lililopita katika kilio

Mlima wetu wenyewe una ushuhuda. Upande wa pili, kule Akeri, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Oktoba 1896, muda mfupi baada ya kufika. Kisha jeshi la wakoloni wa Kijerumani likalipiza kisasi kwa ukatili, na watu wengi wa Meru na Arusha wakapoteza maisha. Fikiria akina mama waliolia mwaka ule, pande zote mbili. Nani angeota kwamba Injili ingekubalika hapa? Lakini mwaka 1902 kituo cha misioni kilianzishwa Nkoaranga, na leo kengele za kanisa zinasikika kuuzunguka mlima. Mungu hakuyaita mauaji yale mema. Ila hakuruhusu kaburi liwe na neno la mwisho.

Tulichojifunza

Tulimwomba mwenzetu msamaha, tukamsindikiza hospitali. Daktari alimsikiliza, akampa matibabu. Sisi tukapeana zamu: wawili kila wiki, kupalilia maharage, kufua, au kukaa naye tu. Hatukuacha kuomba, ila sasa tuliomba tukiwa tumeshika jembe.

Haya ndiyo tunayokuachia, mama mwenzetu:

1. Mwambie Mungu ukweli. Zaburi nyingi ni vilio, na bado ni sala.

2. Ukienda kutoa pole, punguza maneno. Osha vyombo, chota maji, mtaje marehemu kwa jina lake.

3. Huzuni ikizidi wiki mbili bila nafuu, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, au mama akishindwa kumtunza mtoto, mpeleke kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, usingoje hata siku moja wala usimwache peke yake. Dawa na sala havigombani.

4. Usiende peke yako. Makaa yaliyotengwa na moto huzimika upesi.

Mwenzetu bado hulia kila mwaka siku ile ikifika. Lakini mama yeyote akifiwa na mtoto mtaani kwetu, yeye ndiye wa kwanza kufika. Haimbi wala hahubiri, ila hukaa chini kwenye mkeka na kumshika mkono. Siku moja tulimuuliza kama amepata furaha. Alifikiri kidogo, akajibu, "Nimepata. Inakaa nyumba moja na machozi yangu, na hawafukuzani."

Dada, kama leo kwako ni kiangazi, usijilazimishe kutabasamu. Njoo jinsi ulivyo, nasi tutakunywesha maji.