SOMO LA HESABU: NAMBA ILIYODHANIWA KUWA TASA

Kila mtu na ashike penseli na karatasi, maana somo la leo haliingii kwa masikio peke yake.

Namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa. 9 si tasa, kwani tatu mara tatu ni tisa.

Sasa andikeni 2. Izidisheni kwa yenyewe, mtapata 4. Hiyo 4 nayo izidisheni kwa yenyewe, 16. Endeleeni: 256, kisha 65,536. Kila moja iongezeni 1, nanyi mtakuwa na 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mwanasheria mjini Toulouse na kupenda hesabu kama wengine wapendavyo bao, aliandika kwamba anaamini mfuatano huu hutoa namba tasa daima. Alikiri kuwa uthibitisho hana.

Namba ya sita ni 4,294,967,297. Tuijaribu kwa 2, kwa 3, kwa 5, namba tasa moja baada ya moja? Kwa njia hiyo jibu lingetoka katika jaribio la 116, na ukikosea hesabu ya mgawanyo huo mmoja, umelipita jibu bila kujua!

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, alitangaza kwamba namba hiyo inagawanyika. Baadaye alieleza njia yake. Namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya sharti iwe 64 mara kadhaa, ukaongeza 1. Basi kuna 65, 129, 193, na kuendelea. Toeni zisizo tasa, kama 65, ambayo ni 5 mara 13. Za kwanza zinazobaki ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za mwanzo huacha baki. Twende na ya tano.

641 katika 4,294 inaingia mara 6, baki 448. Shusheni 9: 4,489, mara 7, baki 2. Shusheni 6, haiingii, andikeni 0. Shusheni 7, haiingii, 0 tena. Hapo ndipo wengi husahau. Shusheni 2: 2,672, mara 4, baki 108. Shusheni 9: 1,089, mara 1, baki 448. Shusheni 7: 4,487, mara 7 kamili. Hakuna baki.

Jibu ni 6,700,417. Namba ya Fermat si tasa. Tena, katika mfuatano ule, baada ya 65,537 hajapatikana mtu wa kuonyesha tasa nyingine hata moja.

Kazi ya nyumbani: igawanyeni namba ileile kwa 257. Baki ni 2. Ukipata nyingine, anza upya, na uzitazame sifuri zako.