TURBO IMEKUFA? USINUNUE NYINGINE KABLA HUJAJUA KILICHOIUA

Hii ni ya sisi tunaobeba mzigo wa duka kwa gari zetu wenyewe za dizeli. Soma mpaka mwisho, itakuokolea mtaji.

Mwaka jana nilikuwa natoka Kariakoo na mzigo, narudi Iringa. Tulipoanza kupanda Kitonga pikapu ikaanza kulia kama king'ora, nguvu ikaisha, nyuma moshi wa bluu. Fundi akasema turbo. Nikatoa 650,000, turbo ya mtumba pamoja na ufundi. Siku ya 11 ikafa tena, vile vile. Ile ilikuwa pesa ya mzigo wa mwezi. Rafu zikabaki wazi na wateja wakahamia kwa jirani.

Fundi wa pili hakugusa turbo kwanza. Alishusha sampu. Kile kichujio cha chini kinachonyonya oili kilikuwa kimeziba kwa masizi magumu kama lami. Yaani turbo zote mbili zilikufa kwa kiu, na hata ya tatu ingekufa.

KWA NINI OILI NDIO KILA KITU

Turbo ina feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka injini unazungusha feni ya kwanza, ya pili inasukuma hewa iingie injini kwa wingi. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wa moshi ni moto mkali. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika kwa muda mfupi tu, beringi zinaungua.

KABLA HUJAIHUKUMU TURBO

Gari kukosa nguvu sio lazima iwe turbo. Anza na vya bei ndogo:

1. Filta ya hewa. Ikijaa vumbi, moshi unakuwa mweusi na gari inakuwa nzito.
2. Mipira ya hewa na klipu zake, kutoka turbo mpaka injini. Mpira ukipasuka unasikia "fyuuu" ukikanyaga mafuta.
3. Vimpira vyembamba vinavyoongoza turbo. Vikichakaa au vikichomoka, turbo haifanyi kazi vizuri ingawa ni nzima.

Vyote vikiwa sawa, injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua mpira wa hewa wa turbo ushike shafti. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Ukiivuta na kuisukuma ikacheza mbele na nyuma, au feni imegusa ukuta, au imevunjika meno, hiyo imekufa.

TAFUTA MUUAJI

- Oili chafu au iliyokaa muda mrefu. Inaganda kwenye bomba dogo linaloleta oili kwenye turbo.
- Wasa za nozeli zinazovuja. Kwenye injini ambazo nozeli zimekaa chini ya kava, moto wa silinda unapenya na kuchafua oili kwa masizi. Ndiyo iliyonikuta mimi.
- Bomba la kurudisha oili kwenye sampu limeziba au limekunjika. Oili inakosa njia, inavujia kwenye hewa na ekzosi.
- Uchafu au nati iliyoingia kwenye njia ya hewa. Hapo feni inakatika meno.
- Ekzosi iliyoziba.

EKZOSI USIISAHAU

Moshi ukikosa pa kutokea, turbo inabaki na joto na mgandamizo mkubwa. Sailensa inaweza kuharibika ndani wakati nje inaonekana nzima. Chujio la masizi nalo likijaa ni hivyo hivyo. Kwa upande mwingine, manifoldi ikiwa na ufa, au gasketi yake imeungua, moshi unatoka kabla haujafika kwenye turbo na nguvu inapungua. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio. Na usipuuze moshi unaoingia ndani ya gari. Kuna gesi humo haina harufu na inaua.

SIKU YA KUFUNGA, SIMAMA HAPO HAPO

1. Bolti za ekzosi zinashika kutu. Zipuliziwe dawa ya kulegeza usiku kucha. Zikilazimishwa zinakatika, na kutoa kipande kilichobaki ni gharama nyingine.
2. Gasketi zote mpya. Silikoni isipakwe kwenye njia ya oili, kipande kikimeguka kinaziba.
3. Bomba la kuleta oili libadilishwe, au lisafishwe mpaka uone mwanga upande wa pili. Bolti yake yenye tundu nayo isafishwe.
4. Sampu ishuke, kichujio kioshwe. Oili mpya na filta mpya.
5. Mipira ya hewa na ile rejeta ya kupoza hewa vimwagwe oili ya zamani na vipande vya feni. Kipande kikibaki kinaingia injini.
6. Turbo itiwe oili kwenye tundu lake kabla ya kuunga bomba. Kisha injini izungushwe kwa stata bila kuwaka mpaka taa ya oili izime. Ikiwaka, iache sailensi dakika chache. Anayekanyaga mafuta "kuijaribu" hapo hapo anakuharibia.

KUNUNUA

Nenda na namba iliyo kwenye kibati cha turbo yako. Umbo kufanana haitoshi. Ya mtumba ifanyie jaribio lile la shafti kabla hujalipa. Mwambie muuzaji aandike muda wa kurudisha kwenye risiti, na spea ya zamani urudi nayo nyumbani.

HATARI MOJA

Turbo ikivuja oili nyingi upande wa hewa, injini inaweza kuanza kujilisha oili yenyewe. Inanguruma na ukizima ufunguo haizimi. Kama ni ya gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa, achia klachi izimike. Kama ni otomatiki, weka P, vuta handibreki, shuka ukae mbali. Usipeleke mkono kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana ukiona moshi mwingi wa bluu usijikaze "nifike tu dukani". Simama.

BAADA YA HAPO

Mimi sasa nabadilisha oili kila kilomita 5,000. Nikimaliza mlima au safari ndefu naacha injini sailensi dakika moja au mbili ndipo nazima, shafti ipoe ikiwa bado ina oili. Turbo ya tatu bado ipo.

Ukiambiwa "turbo imekufa", muulize fundi swali moja: imeuawa na nini? Akikosa jibu, usitoe hela bado.

Una gari ya mzigo inakusumbua? Andika hapo chini dalili zake tusaidiane. Na mtumie mwenzako anayepanda Kitonga wiki hii.