Hiki, Hicho na Kile Mlangoni pa Kiingereza

Katika chumba nilichofundishiwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, chumba cha kuta za chokaa na madirisha yasiyo na vioo, mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na ada ya kuinua kalamu juu ya kichwa chake na kutamka kwa sauti ya mwadhini, "This is a pen," nasi watoto arubaini na ushei, wa kwanza akiwa hatua mbili kutoka kwake na wa mwisho akiwa benchi la nyuma karibu na mlango, tukamwitikia kwa pamoja, "This is a pen," kwa nguvu iliyowarusha kunguru wa mwembe wa nje. Alifurahi mwalimu, nasi tukafurahi. Wala sikutambua ila baada ya miaka mingi ya kuwa siku ile, minghairi ya mwalimu mwenyewe, hapakuwa na mtu mle chumbani aliyesema kweli. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Yeye ilimstahiki kusema "this". Sisi ilitupasa kusema "that".

Taksiri hiyo si ya mwalimu yule peke yake, kwani hata leo ukipita chini ya dirisha la darasa la wanaoanza, bara na pwani, yamkini utakisikia kiitikio kile kile. Asili yake ni kudhani kwamba neno la kuashiria limefungwa kwenye kitu kama jina lake, hata kalamu ikawa "this" popote iendapo, ilhali maneno haya hayakijui kitu, yanamjua mwenye kunena, na kila ahamapo yeye nayo huhama. Na ajabu ni kwamba katika lugha yetu wenyewe hatukosei kamwe. Hakuna mtoto wa miaka minne anayelinyoshea kidole embe lililo mkononi mwa ndugu yake akasema "hili"; husema "hilo", na kama ana njaa hulisema kwa kilio.

Basi kosa halitoki katika ufukara, bali katika utajiri. Hesabu mwenyewe. Kwa kila ngeli tuna neno la kilicho karibu na msemaji, neno la kilicho kwa msikilizaji au kilichokwisha tajwa, na neno la kilicho mbali na wote wawili: huyu, huyo, yule, hawa, hao, wale, hiki, hicho, kile, na kadhalika mpaka humu, humo na mle. Ukiyaandika yote juu ya karatasi, na ukalihesabu mara moja tu neno linalotumika katika ngeli mbili, kama "huu" ya mti na "huu" ya wimbo, utapata maneno 12 ya karibu, 12 ya kati na 12 ya mbali, jumla yake 36. Toa yale 9 ya mahali, hapa na wenzake, ambayo Kiingereza kimeyawekea "here" na "there", yatabaki 27. Na hayo 27 yote, mwanagenzi afikapo mlangoni pa Kiingereza, huambiwa ayavue kama viatu, akapewe manne tu ya kutembelea ndani: "this" na "that" kwa kitu kimoja, "these" na "those" kwa vingi.

Kiingereza hakimwulizi msemaji ila maswali mawili. Je, kitu hicho kiko kwako au hakiko kwako? Je, ni kimoja au zaidi ya kimoja? Hakitaki kujua kama ni mtu au mti, kisu au ua. Mtu angetaraji kwamba aliyezoea kubeba maneno 36 hatalemewa na manne, walakini mambo hayaendi hivyo, kwa sababu anapoingia huwa ameacha viatu nje lakini miguu bado inakumbuka njia yake ya zamani.

Ugumu wa kwanza ni lile neno la kati. "Hiki" na "hicho" vinaanza kwa sauti moja na kufanana sura kama ndugu wa tumbo moja, na kwa hiyo mwanagenzi aghalabu huvitia chungu kimoja, akavifasiri vyote viwili kwa "this", akakiachia "kile" peke yake "that". Mgawo huo ni batili. Kwa Mwingereza, hicho kilicho mkononi mwako na kile kilicho juu ya paa la msikiti vina hukumu moja: vyote haviko kwangu, vyote ni "that". Mama aliye jikoni, amwambiapo binti yake aliye hatua moja tu mbele yake, "Nipe hicho kijiko," akitaka kuyasema hayo kwa Kiingereza hana budi kusema "Give me that spoon", ijapokuwa angenyosha mkono angekifikia mwenyewe. Na ndivyo ilivyo kwa maneno yaliyonenwa: mtu akikupa habari ukamjibu, "Hiyo ni kweli," tafsiri yake ni "That is true", kwa kuwa neno limetoka kinywani mwake, nalo ni mali yake, lakini ukiwa na habari yako ambayo bado hujaitoa, utamwambia mwenzako, "Listen to this."

Dawa ya jambo hili ni nyepesi, nayo haihitaji kitabu. Mwalimu asiishike kalamu peke yake; aipe miguu. Na imwendee mtoto wa benchi la nyuma, aseme yeye "this" na mwalimu aseme "that". Kisha apewe jirani yake, na yule aliyeiachia sasa hivi abadili neno lake papo hapo. Kalamu ikizunguka darasa zima mara mbili, watoto watakuwa wamejua kwa mikono yao jambo ambalo sisi tulilikosa kwa mwaka mzima wa kuitikia.

Wala asidhani msomaji kwamba Waingereza tangu hapo hawakuwa na neno la tatu. Walikuwa nalo, "yon", la kuashiria kilichoko kule kinakoonekana kwa mbali, na mpaka leo katika Uskoti wako watu ambao hawajaliacha. Tena Kiingereza cha kale, kilichosemwa miaka elfu na zaidi iliyopita, kilikuwa na viashiria vilivyofuata jinsia ya jina, la kiume, la kike, na lisilokuwa la kiume wala la kike, mithili ya vyetu vifuatavyo ngeli. Na "that" ya leo ilikuwa ya ile jinsia ya tatu peke yake. La kuchekesha zaidi ni kwamba "those", ambalo sasa ni wingi wa "that", asili yake lilikuwa wingi wa "this". Mwanafunzi anayeyachanganya mawili hayo na akemewe kwa upole, kwani wenyewe walitangulia.

Ugumu wa pili, nao ndio mzito, uko katika hesabu. Tunafundishwa kuwa "haya" na "hizi" ni wingi, na wingi ni "these", na mtu akaridhika. Kumbe lugha mbili hizi hazikubaliani hata kidogo juu ya kipi ni kimoja na kipi ni vingi. Sisi tunasema maji haya, maziwa haya, mafuta haya, tukiyavika yote vazi la wingi, wala hatuoni ajabu. Mwingereza huona maji kuwa ni kitu kimoja kisichohesabika, naye husema "this water", "this milk", "this oil". Amwambiaye mgeni wake "these water" amefuata kanuni ya Kiswahili kwa uaminifu mkubwa, na amekosea. Vivyo hivyo fedha hizi ni "this money", na nywele hizi, madhali ni za kichwa kizima, ni "this hair". Habari hizi ni "this news", na hapa mtego ni wa pande mbili, maana neno lenyewe la Kiingereza limemalizikia kwa "s" kama lililo la wingi, lakini huhesabiwa moja. Samani hizi, mizigo hii ya safari, nasaha hizi za wazee, zote kwao ni moja: "this furniture", "this luggage", "this advice". Nimesoma barua nyingi za watu wenye elimu zao, zimeandikwa kwa hati nzuri na heshima tele, zikishukuru kwa "these advices", nami sikuwacheka, kwa sababu najua zilikotoka.

Kisha geuza upande wa pili. Suruali hii, ambayo kwetu ni moja na inavaliwa na mtu mmoja, kwao ni "these trousers", kwa kuwa wao huhesabu miguu yake miwili. Mkasi huu ni "these scissors", kwa makali yake mawili. Koleo hii ya mhunzi ni "these tongs". Miwani ni "these glasses", kwa vioo vyake. Hekima yake, ukiitafuta, si haba; lakini Mswahili hakujua kwamba suruali ilipaswa kuhesabiwa miguu. Na "people", ambalo halina "s" wala dalili yoyote ya wingi, ni watu, nalo hutaka "these": watu hawa, "these people".

Katika matamshi, wetu wa pwani wana bahati ambayo hawaijui. Kiingereza huandika "th" kwa sauti mbili mbalimbali, na msomaji hana alama ya kumwongoza. Imla yetu ina adili zaidi, hutenga th ya thamani na dh ya dhamana. Maneno haya manne yote ni ya dhamana. Mtoto aliyepitia chuo cha Kurani akaisoma herufi ya dhali kwa ncha ya ulimi kati ya meno, hana la kujifunza hapo; asemaye "zahabu" kwa dhahabu atasema pia "zis", na aelekezwe kwenye dhahabu kwanza. Kinachotushinda sote ni tofauti ya "this" na "these", kwa sababu irabu zetu ni tano tu. Ya kwanza ni fupi, imesimama baina ya i yetu na e yetu, na imefungwa kwa s kama ile ya basi. Ya pili ni ndefu kama i mbili za "hii", na mwisho wake, licha ya kuandikwa s, husikika z ya kazi. Asiyeweza kuitenga irabu na aitenge s na z, naye ataeleweka.

Mengine nitayapitia upesi. Asubuhi ya leo ni "this morning", wala si "today morning" kama tusikiavyo kila siku. "Kitabu changu hiki" hakiwi "this my book": Biblia ya King James ya mwaka 1611 ina mpangilio wa namna hiyo, lakini Kiingereza cha leo kimeuacha, nacho husema "this book of mine". Ukimjulisha mtu baba yako, sema "This is my father". Ukiongeza "one" kwa kuifuata "huyu", utakuwa kama achaguaye nazi gengeni. Ukiulizwa "What is this?", jibu ni "It is a pen", na vikiwa vingi "They are pens", kwani kilichokwisha kuashiriwa hakihitaji kidole cha pili. Na ukikuta "that" mbili zimefuatana, kama katika "I know that that man is a carpenter", usitishike: ya kwanza ni kwamba, nayo hutamkwa kwa wepesi kama ipitayo njia, ya pili ni yule, nayo hutiliwa mkazo.

Katika simu, wenye Kiingereza wenyewe hawapatani. Pale sisi tunapouliza, "Nani mwenzangu?", Mwingereza kwa ada yake huuliza "Who is that?", kwa kuwa sauti iko upande wa pili wa waya, Mmarekani huuliza "Who is this?", kwa kuwa sauti iko sikioni mwake. Lakini kila mmoja, ajitajapo, husema "This is" na jina lake, nalo ni neno ambalo Mswahili, aliyezoea kusema "Mimi fulani", huliona la ajabu, kana kwamba mtu anajiashiria mwenyewe kwa kidole.

Nina sahibu yangu, fundi cherehani wa barazani, aliyeanza Kiingereza katika darasa la jioni akiwa na miaka hamsini na ushei, na ambaye kwa muda mrefu aliwaambia wageni "This trouser is ready" kwa sauti ya ushindi. Nilipomweleza habari ya miguu miwili alinyamaza, akaitazama suruali iliyokuwa mapajani mwake, akaipima mguu mmoja kisha wa pili kana kwamba hakuwahi kuiona, akasema, "Kumbe siku zote nauza mbili kwa bei ya moja." Alikata kipande cha boksi, akaandika juu yake kwa chaki ya kukatia, "These trousers are ready," akakitundika nyuma ya cherehani pahali ambapo mteja hakioni. Mgeni wa kwanza aliyepokea suruali yake kwa sentensi ile mpya aliikagua mishono, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Fundi alisikitika kidogo, kwani alitaraji kusifiwa.