Kama Chanjo Yafaa, Mwaogopa Nini?

Juma hili nimeulizwa tena, na aliyeuliza ni mzee mwenye busara ambaye kwa mambo mengi ya dunia mimi ndimi niendaye kumwuliza yeye. Tulikuwa barazani baada ya sala ya isha, dele la kahawa likizunguka, akaniambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda hoja kabla ya kuianza: "Daktari mwanangu, nyinyi mwasema chanjo yakinga. Basi aliyechanjwa amekingika, na asiyechanjwa amejitakia mwenyewe. Yawahusuni nini nikimwacha mjukuu wangu bila sindano?" Waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akacheka.

Swali hili lina kosa moja tu, walakini ni kosa lililo katika msingi, na nyumba yenye kosa katika msingi hapana haja ya kuzozana juu ya madirisha yake. Muulizaji amedhani kwamba kila mwili waweza kuipokea chanjo na kuitumia, na kwamba asiyechanjwa ni yule aliyekataa. Laiti mambo yangekuwa hivyo, mimi ningelala mapema.

Kazi yangu ni kuwatibu watoto wenye saratani ya damu, maradhi ambayo matibabu yake huchukua miaka miwili hata mitatu, na dawa tuwapazo, kwa kuwa saratani yenyewe imezuka katika zile chembe nyeupe ambazo ndizo walinzi wa mwili, hazina budi kuziua chembe hizo, njema na mbovu pamoja. Mtoto wa namna hii hatuwezi kumchanja surua, maana chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo mwili mzima hujifunza kwavyo bali mwili uliovunjwa kinga waweza kuelemewa navyo. Na ile sindano aliyoipata zamani, alipotimiza miezi 9, aghalabu athari yake hufutwa na dawa zetu wenyewe. Mweke kando yake mtoto mchanga asiyefika hiyo miezi 9, na mtu aliyepandikizwa figo, na mwenye Ukimwi ambaye kinga yake imeporomoka, kisha uwatie na wale kama 3 katika kila 100 ambao hata baada ya dozi mbili chanjo haikuwashika, utakuta umekwisha kuijaza baraza nzima kwa watu ambao ngao yao ni kuchanjwa kwa wale waliowazunguka. Ndiyo sababu kwa surua twataka watu 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Kwani mgonjwa mmoja, akiingia kati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza 12 hata 18.

Natamani mzee wangu aje siku moja aketi nasi asubuhi ya kliniki. Surua huelea hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, naye huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, wakati ana mafua na macho mekundu tu kama mtoto ye yote wa jirani, wala mama yake hana hatia ya kumleta. Nilimwona mama mmoja akitoa mkobani kitambaa alichokilowesha kwa maji ya sabuni kutoka kwake, akaifuta benchi, akaifuta tena, akapangusa na ukuta mahali ambapo kichwa kingeegemea, ndipo akamketisha mwanawe aliyenyonyoka nywele. Hewa hakuweza kuifuta.

Na hapa pana jambo ambalo watu hawalijui. Vile vipele vya surua, ambavyo kila bibi aweza kuvitambua nyuma ya masikio ya mjukuu, havifanywi na virusi peke yake; ni alama ya kinga ya mwili iliyovikuta virusi na kuanza kupigana. Kwa hiyo mtoto asiye na kinga huweza kupatwa na surua asitokwe na kipele hata kimoja, akawa anakohoa tu, pumzi ikizidi kufupika, na mama yake akiwaambia majirani kwa furaha kwamba surua imempita. Mwaka 1959 John Enders na wenzake huko Boston, yule Enders ambaye maabara yake ndiyo iliyozaa chanjo ya surua, walitangaza kwamba wamevipata virusi hivyo kwa watoto waliokufa kwa homa ya mapafu bila ya vipele. Wazee wetu waliposema kwamba surua isiyotoka nje ndiyo iuayo, macho yao yaliona sawasawa. Walipokosea ni katika sababu, wakailaumu sindano na baridi na maji, kumbe kosa lilikuwa mwili usiokuwa na nguvu ya kuitoa.

Sasa niifikie ile chupa, maana kila nikimaliza kueleza haya yuko mtu atakayeitoa mfukoni. Chupa ina habasoda, asali, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, nayo huitwa dawa ya kupandisha kinga, na muuzaji huapa kwamba anywaye vijiko vitatu kila siku hana haja ya chanjo, na kwamba hata hawa watoto wangu wangeinywa wasingehofu mtu. Mambo haya yanipandisha hamaki, nami sitaificha. Kinga si utambi wa taa, kwamba ukiuvuta juu mwanga huongezeka. Kinga ya surua ni chembe maalumu zilizokutana na surua, au na mfano wake dhaifu uliomo katika chanjo, zikaikariri. Na chembe ambayo haijapata kukutana nayo, uinyweshe asali ya pipa zima, haitaijua. Ama mtoto ambaye chembe zake tumezing'oa kwa dawa kwa makusudi, huyo kumpa tangawizi ili kinga ipande ni kutia mbolea katika shamba ambalo mbegu zake zimekwisha kung'olewa.

Tena tutumie insafu kidogo. Kama viungo hivi vingalikuwa vyakinga surua, ni watu gani duniani wangalikuwa wa kwanza kunusurika ila sisi wa pwani, tunaokula kitunguu saumu na tangawizi katika kila chungu cha pilau, na jamaa zetu wa Unguja na Pemba waliozaliwa chini ya mikarafuu? Lakini surua iliwazika watoto wa pwani kama ilivyowazika wa bara, na kabla ya chanjo kupatikana mwaka 1963 na kuenea, ilikuwa ikiua duniani watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka. Kuhusu habasoda sina ugomvi na hadithi ya Mtume iitajayo, na mwenye kutaka maana yake awaendee maulamaa, si muuza chupa. Nitasema tu kwamba Abubakar ar-Razi, yule tabibu wa Rayy aliyeandika risala ya ndui na surua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliiona surua kuwa ya kuogopwa kuliko ndui, wala hapana shaka kwamba habasoda ilikuwa ikiuzwa sokoni mwake.

Ningalisema basi inyweni, haidhuru, lakini yadhuru. Asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kupoozesha. Na michanganyiko ya mitishamba ambayo hatukuambiwa habari yake huweza kugombana na dawa za saratani. Mama hatuambii, maana aona haya, nasi twabaki kushangaa kwa nini ini la mtoto limechafuka.

Wenye kudhani kwamba nazungumza ya kutisha na wautazame mkasa wa Samoa. Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa katika nchi hiyo ya visiwa kwa sababu wauguzi waliichanganya chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Kosa la kuchanganya likapewa jina la kosa la chanjo, wazazi wakakimbia, na mwaka uliofuata surua ikaingia katika nchi yenye watu wapatao 200,000, ikawapata zaidi ya 5,700, ikaua 83, wengi wao wadogo wa chini ya miaka 5. Hakukosekana hata huko mtu wa kuwanyunyizia wagonjwa maji akiwaahidi shifaa.

Ya kufanya ni haya, nami nayasema mbio kwa kuwa si magumu. Nyumba yenye mgonjwa wa kinga dhaifu, wote wengine humo wachanjwe surua. Virusi vya chanjo hii havitoki kwa aliyechanjwa vikamwendea mwenziwe. Matone ya polio ya mdomoni ni habari nyingine, maana hutoka na choo, basi mwambieni muuguzi kuna nani nyumbani kabla hajafungua kichupa. Atakayeanza dawa za kushusha kinga au kupandikizwa figo akamilishe chanjo zilizo hai wiki 4 kabla, ikiwa maradhi yatampa nafasi. Aliyemaliza dawa za saratani aulize ni lini atachanjwa upya. Mtoto mwenye virusi vya Ukimwi asinyimwe chanjo ya surua ila daktari aseme kinga yake imeshuka mno. Mgonjwa wetu akikaribiana na mwenye surua, aletwe siku ile ile, asingojewe kutoka vipele, kwani kingamwili za kudunga zafaa ndani ya siku 6. Mzima asiyechanjwa ana siku 3 za kuiwahi chanjo. Vitamini A hupewa aliyekwisha kuugua, kwa kipimo cha hospitali, wala si badala ya chanjo. Dozi ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18, na hii ya pili ndiyo wengi huisahau. Kadi ikipotea msikae nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa: njoni bila kadi, mtoto atachanjwa upya, na dozi ya ziada haimdhuru.