DISKI MBILI KATIKA LAPTOPU MOJA: FAIDA NA TAHADHARI



Katika semina ya wahazini na makatibu wa sharika iliyofanyika hapa Gongoni, Tabora, swali moja lilijirudia: laptopu ya ofisi ikiwa nzito, tununue nyingine? Mara nyingi si lazima. Nyingi zinaweza kusaidiwa kwa kuongezewa diski ya pili, kwa gharama ndogo kuliko bei ya laptopu mpya.

Tofauti ya diski hizi

Laptopu za zamani zina hadidiski, yaani HDD. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma na kuandika bila kuzigusa. Bei yake ni nafuu na hubeba mambo mengi, lakini ni ya polepole, tena ikitikiswa wakati inafanya kazi yaweza kuharibika. SSD haina kitu kinachozunguka. Huhifadhi taarifa kwenye chipu, kama flashi. Ni ya haraka na huvumilia mtikisiko, ila kwa kila gigabaiti bei yake ni kubwa zaidi.

Hivyo kila moja hupewa kazi inayoiweza. SSD ya gigabaiti 240 hubeba Windows na programu. Hadidiski hubeba picha, video na taarifa za miaka iliyopita.

Namna ya kufunga

1. Kwanza, nakilini kila kitu kwenye diski ya nje.
2. Fundi atoe hadidiski na kuweka SSD mahali pake.
3. Kama laptopu ina sehemu ya kutia DVD, itolewe, na hadidiski ifungwe hapo ndani ya fremu maalumu. Pimeni kwanza: ziko za unene wa milimita 9.5 na 12.7.
4. Laptopu mpya zaidi hazina DVD, lakini baadhi zina nafasi ya SSD ndogo iitwayo M.2. Ziko za SATA na za NVMe. Fundi athibitishe ipi inafaa kabla hamjalipa.
5. Windows iwekwe kwenye SSD.

Tulichojifunza kwa hasara

Laptopu ya mradi wetu ilifungwa hivyo. Ilikuwa ikichukua dakika nne kuwaka. Sasa haikufika nusu dakika. Tukafurahi, tukaweka orodha zote za visima kwenye hadidiski ya ndani, tukasema tuna diski mbili, tuko salama. Siku moja tulimalizia taarifa ndani ya gari kwenye barabara mbovu. Tulipofika, Windows iliwaka vizuri, lakini hadidiski haikuonekana tena. Kazi ya miezi saba ilipotea. Tulirudi vijijini kuandika upya, na wafadhili tukawaomba radhi kwa taarifa iliyochelewa.

Diski mbili si nakala mbili, maana kila moja hubeba mzigo wake. Na mwizi akichukua laptopu, amechukua zote.

Jambo hili si geni katika njia yetu ya misafara. Machi 1872, Stanley alipoagana na Livingstone huko Kwihara, karibu na Tabora, alichukua kumbukumbu za safari alizokabidhiwa na Livingstone, nazo zikafika Uingereza mwaka uleule. Livingstone alifariki Mei 1873 akiwa bado safarini. Maandishi yale yalikuwa yamekwisha kufika mahali salama.

Ombi letu

Kamati inayopanga kuongeza SSD iweke katika bajeti hiyohiyo diski ya nje. Kila Ijumaa katibu anakili daftari za fedha na taarifa za miradi, kisha diski hiyo ikae nyumba nyingine, si ofisini. Na kila baada ya miezi mitatu mhazini aifungue mbele ya kamati, ahakikishe inasomeka.