Mtoto Anayetikisika Darasani: Je, Chakula Ndicho Chanzo?

Mwalimu aliyefundisha miaka michache katika shule za Musoma, Bunda au Butiama ni nadra asiwe amemwona mtoto wa namna hii. Ana umri wa miaka saba au minane. Ameketi kwa utulivu, anaandika, mara macho yake yote mawili yanapepesa kwa kasi, mara nne au tano, kisha yanatulia. Baada ya dakika chache yanapepesa tena. Miezi inapita, kupepesa kunakoma, na sasa shingo ndiyo inayotupwa upande mmoja, au bega linainuliwa, au mtoto anatoa kikohozi kifupi ilhali hana mafua. Wenzake wanacheka na kumwiga. Mwalimu anadhani anafanyiwa dhihaka. Nyumbani anakemewa, na pengine anachapwa. Akiambiwa "Acha!" anaacha kweli, kwa dakika moja au mbili, na jambo hilo ndilo linalomponza, kwa maana kila mtu anahitimisha kwamba kumbe alikuwa akifanya kusudi.

Hafanyi kusudi. Ndani kabisa ya ubongo, chini ya tabaka lake la nje, kuna vifundo vya seli za fahamu vinavyofanya kazi mithili ya bawabu: huruhusu mwendo unaotakiwa na kuzuia usiotakiwa. Kazi hiyo hutegemea kemikali kadhaa, mojawapo ikiwa dopamini. Kwa mtoto mwenye mitikisiko ya ghafla, bawabu huyu hupitisha vipande vya mwendo ambavyo hakuna aliyeviita. Watoto wakubwa kidogo huweza kueleza kwamba kabla ya mtikisiko huhisi kitu kama mwasho au kama chafya inayokaribia, na hisia hiyo haiondoki mpaka mtikisiko utokee. Chafya huweza kuzuiwa kwa muda. Hakuna mtu aliyeizuia siku nzima.

Mitikisiko hii huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka minne na sita, hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha hupungua mtoto anapobalehe. Wavulana huipata zaidi kuliko wasichana. Kwa watoto wengi hutoweka kabla ya mwaka mmoja kwisha. Ikiwa ni ya aina nyingi, ikiambatana na sauti, na ikidumu zaidi ya mwaka, hali hiyo huitwa ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, ambaye mwaka 1885 alieleza habari za wagonjwa tisa. Urithi una sehemu kubwa katika kuusababisha. Akili ya mtoto haipungui kwa sababu yake.

Mzazi anapoliona jambo hili, swali lake la kwanza huwa juu ya chakula. Amekula nini mtoto huyu? Apewe nini? Wapo wanaoshauri mafuta ya samaki, wapo wanaokataza chai, na wapo wenye mizizi ya kuchemsha. Katika Mkoa wa Mara swali hilo halistahili kuchekwa hata kidogo, kwa sababu mkoa huohuo umewahi kuona chakula kikiharibu mishipa ya fahamu ya watoto.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu kadhaa katika Wilaya ya Tarime walishikwa na ugonjwa wa ajabu. Mtu alikuwa mzima, na kabla ya siku kupita miguu yote miwili ilikakamaa. Waliobahatika walitembea kwa shida juu ya vidole vya miguu. Wengine hawakuweza kusimama tena bila fimbo. Wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Madaktari William Howlett na Glen Brubaker, pamoja na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Hans Rosling kutoka Sweden, waliuchunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990. Ulikuwa ni konzo, ugonjwa uliokwisha kuelezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango nchini Kongo. Jina hilo ni la Wayaka wa huko, nalo hueleza miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 ugonjwa huohuo ulikuwa umewapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji.

Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Mizizi ya muhogo huwa na kemikali iitwayo linamarini, ambayo mzizi ukikatwa au kupondwa huvunjika na kutoa sianidi. Desturi za kale za kuloweka muhogo, au kuulundika na kuufunika mpaka uchachuke ndipo uanikwe, zina maana kubwa ya kikemia: huipa sianidi muda wa kutoka. Udaga uliochachuka vizuri ni chakula salama. Njaa inapobana, muda huo hukatwa. Mwili nao una njia ya kuigeuza sianidi kuwa thayosianeti na kuitoa kwa mkojo, lakini kazi hiyo huhitaji salfa itokanayo na protini. Katika ukame maharage, maziwa na samaki huadimika, hivyo sumu huongezeka wakati uleule kinga inapopungua. Konzo haiponi, ingawa haiendelei kuzidi.

Hapa pana somo la namna sayansi inavyomtia hatiani mshukiwa. Ugonjwa ulitokea kwa mafungu, katika sehemu moja na msimu mmoja. Waliokula chakula kilekile waliugua wengi. Damu na mkojo wao vilipimwa, na dalili za sianidi zikaonekana kwa wingi. Kemia ya muhogo ilieleza njia ambayo sumu hupita. Na pale uandaaji unapokuwa mzuri, konzo haitokei. Siku hizi ipo hata njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba juu ya mkeka, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kusongwa ugali siku hiyohiyo. Sianidi iliyosalia hupungua sana kwa kuruka hewani.

Mtoto anayepepesa macho na kurusha shingo apimwe kwa mizani hiyohiyo. Mitikisiko yake haiji kwa mafungu kufuata ukame au mavuno. Huonekana Paris na Musoma, kwa walaji wa ngano na walaji wa ugali wa muhogo, kwa tajiri na maskini. Katika nyumba moja, watoto watano hula sufuria moja na mmoja tu hutikisika. Chakula kama chanzo hakijathibitishwa.

Lakini kisicho chanzo huweza kuwa dawa. Basi nalo lichunguzwe. Nchini Ujerumani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza wagonjwa 224 wa Tourette juu ya vyakula na vinywaji. Wengi walisema kwamba kahawa, chai nyeusi na vinywaji vya kola huwazidishia mitikisiko. Baadhi walitaja sukari nyeupe. Hayo ni maneno ya kumbukumbu tu, na mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa chai ni mbaya huikumbuka vizuri ile siku aliyokunywa chai akatikisika, akaisahau siku aliyokunywa akatulia. Hata hivyo mtoto hapungukiwi na kitu akinywa uji badala ya chai kali ya jioni, na huenda akalala vizuri zaidi. Mafuta ya samaki yalijaribiwa Marekani kwa watoto 33, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Kundi moja lilipewa mafuta ya samaki, jingine mafuta ya zeituni, bila wao kujua nani kapewa nini. Tofauti ya mitikisiko yenyewe haikuwa ya kutegemewa, ingawa usumbufu uliotokana nayo ulionekana kupungua kiasi. Anayeishi kando ya Ziwa Viktoria na ale dagaa na sangara kwa ajili ya kukuza mwili. Kuuza mbuzi ili kununua vidonge vya mafuta hayo ni hasara.

Mitishamba nayo haikosi sifa. China ilifanya jaribio kubwa kwa watoto 603, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, na dawa ya mchanganyiko wa mimea ilishinda dawa bandia isiyo na kitu ndani yake. Lakini ile ilikuwa dawa ya kiwandani, yenye kipimo kimoja kila siku na madaktari wa kuwaangalia watoto. Haihalalishi mzizi wowote uliochemshwa kwenye chungu ambao hakuna ajuaye nguvu yake leo wala kesho, wala utakavyolitendea ini la mtoto wa miaka saba.

Kwa nini basi wazazi wengi huapa kwamba dawa fulani ilimponya mtoto wao? Hawasemi uongo. Jibu limo katika tabia ya mitikisiko yenyewe, nayo ni hii: hupanda na kushuka. Wiki tatu huwa mingi, wiki nne huwa michache, mara hupotea kabisa, halafu hurudi kwa sura nyingine. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kujionea kwa karatasi ya grafu. Na achore mstari wa mawimbi, majuma yakiwa chini na idadi ya mitikisiko pembeni. Kisha ajiulize: mzazi atampeleka mtoto kwa mganga siku gani? Hatampeleka wimbi likiwa chini. Atampeleka likiwa kileleni, siku ambayo hofu imezidi. Sasa achore mshale mahali hapo, aandike "dawa", aone wimbi linavyoshuka baadaye. Maji ya kisima yangeleta matokeo hayohayo. Wimbi likipanda tena husemwa dawa imekwisha nguvu, na safari ya pili huanza. Hii ndiyo sababu watafiti huhitaji kundi la kulinganisha, na hii ndiyo sababu mashahidi kumi wanyofu hawatoshi. Zoezi hili lingefaa somo la hisabati kuliko mifano ya mabomba yanayojaza matangi.

Yako mambo yaliyothibitika, nayo hayagharimu fedha nyingi. Uchovu, hofu na kusimangwa huongeza mitikisiko. Usingizi wa kutosha na kazi inayomshughulisha mtoto huipunguza. Mtoto anayerusha shingo darasani huweza kucheza mpira au kuimba kwaya saa nzima bila mtikisiko. Mwalimu anayempa mtoto ruhusa ya kutoka nje dakika mbili akatikisike faraghani, na anayewakataza wenzake kumwiga, ametibu kuliko fimbo itakavyotibu. Kumkazia macho na kumhesabia si tiba.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani, Nathan Azrin na R. Gregory Nunn, walieleza mbinu ya kumzoeza mwenye mitikisiko kuitambua ile hisia ya mwasho inapokuja, na papo hapo kufanya mwendo mwingine usiopatana na mtikisiko. Anayerusha shingo hushusha kidevu kidogo na kukaza misuli ya shingo taratibu mpaka mwasho upite. Anayepepesa hufumba na kufumbua macho polepole kwa hiari yake. Anayekohoa huvuta pumzi ndefu puani. Mbinu hiyo ilipanuliwa na kujaribiwa kwa watoto 126 wenye umri wa miaka 9 hadi 17. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliozoezwa walipata nafuu kubwa, dhidi ya chini ya mmoja kati ya watano katika kundi la kulinganisha. Wataalamu wa mbinu hii ni wachache sana Afrika Mashariki, lakini msingi wake unaeleweka na mzazi au mwalimu yeyote mvumilivu. Zipo pia dawa za hospitali kwa wale ambao hali yao ni nzito, na daktari ndiye wa kuamua.

Si kila mtoto atikisikaye ana hali hii nyepesi. Mwenye kupoteza fahamu, au kuinamisha kichwa mara kwa mara huku ameduwaa, huenda ana kifafa. Mtoto wa mahali wanapochenjua dhahabu kwa zebaki, ambaye mikono inatetemeka mfululizo, huenda amevuta mvuke wa sumu hiyo.

Lililo la hatari na rahisi kukosewa ni kutikisika kunakofuata ugonjwa wa koo. Thomas Sydenham wa Uingereza alikueleza mwaka 1686. Mtoto, mara nyingi msichana wa kati ya miaka 5 na 15, huumwa koo kwa bakteria aina ya streptokokasi na kupona; baada ya majuma au miezi kadhaa mikono na uso huanza kucheza ovyo, bila mtindo unaojirudia, na hawezi kuizuia hata kwa dakika moja. Vikombe vinamponyoka. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika ghafla, naye analia bila sababu. Akiambiwa atoe ulimi, ulimi unajirudisha ndani. Akishika vidole vya mtu, mkono wake unabana na kulegea kama wa mkamua ng'ombe. Kucheza huko kwenyewe huisha, aghalabu kabla ya miezi sita. Lakini kinga iliyoamshwa na bakteria hao huweza kuwa imeshambulia pia milango ya moyo. Msichana huyo apelekwe hospitali moyo wake usikilizwe, na daktari akithibitisha atachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, hata akiwa haumwi tena.