Kabla ya Herufi: Utangulizi wa Elimu ya Nyumbani kwa Mama wa Kariakoo

Huenda umeamua mwenyewe kumfundisha mwanao katika miaka yake ya mwanzo. Huenda pia ada ya chekechea haikupatikana mwaka huu, ukajikuta una mtoto mdogo nyumbani na swali moja tu: nianzie wapi? Kwa vyovyote vile, somo ninalotaka kukufungulia ni lako. Nimelisoma na kulifundisha kwa muda mrefu na bado linanisisimua, kwa sababu mambo yake makubwa hayahitaji maabara. Yanaonekana kwa macho, katika chumba kimoja na ukumbi, mtoto akiwa na miaka mitatu tu.

Wataalamu hulitaja kwa jina la elimu ya awali, yaani mafunzo ya mtoto kabla hajaingia darasa la kwanza. Mimi nashughulika na sehemu yake inayofanyika nyumbani, mikononi mwa mzazi. Najua utakachoniuliza kwanza, maana huulizwa kila mara: sheria inasemaje? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaongeza mwaka mmoja wa lazima wa elimu ya awali. Kwa hiyo sikushauri umzuie mtoto kwenda shule. Nazungumzia miaka iliyo kabla ya mlango wa shule, pamoja na saa zile za jioni ambazo zitabaki kuwa zako hata akiwa shule ya msingi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na za msingi zikabaki zimefungwa hadi mwishoni mwa Juni, kila mama wa mjini aligundua kuwa saa hizo ni nyingi kuliko alivyodhani.

Sasa tuanze na msingi wenyewe, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu wengi huuruka. Ukimuuliza mzazi elimu inaanzia wapi, atakuonyesha daftari na penseli. Utafiti wa miaka mingi unaelekeza kwingine: inaanzia kwenye maongezi. Mtoto anayezungumzishwa, anayeulizwa na kusubiriwa ajibu, hufika kwenye herufi akiwa tayari na maneno ya kuzipa kazi. Asiyezungumzishwa anaweza kukariri alfabeti nzima na bado akasoma ukurasa bila kuelewa unasema nini.

Tazama jambo dogo kama hili. Mama mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya tatu, anachambua mchele kwenye ungo, na binti yake wa miaka mitatu na nusu amechuchumaa pembeni. Mtoto anaokota kijiwe. "Mama, hiki kibaya." Mama angeweza kusema "haya, kitupe" na mambo yakaishia hapo. Badala yake anauliza, "Kina nini?" Mtoto anakibonyeza. "Kigumu." "Na punje ya mchele ikoje?" Mtoto ananyamaza. Mama naye ananyamaza, mikono inaendelea na ungo. Mtoto anachukua punje, anaiweka kwenye meno ya mbele, anauma. "Hii inavunjika," anasema, na uso wake unang'aa.

Katika dakika ile mtoto amefanya uainishaji, yaani kutenga vitu kwa kufuata sifa zake. Amelinganisha, amejaribu, ametoa sababu. Pia ametoka "hiki" akaenda "hii" bila kukosea ngeli, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha sarufi. Mama amefanya mambo mawili tu: ameuliza swali wazi, yaani swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana, na amesubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Sisi watu wazima tunapenda kujibu maswali yetu wenyewe.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alilipa jambo hili msingi wa nadharia. Alisema yako mambo ambayo mtoto anayaweza peke yake, yako asiyoyaweza kabisa, na katikati yako anayoyaweza akiwa na mtu wa kumsaidia. Hapo katikati alipaita eneo la ukuaji wa karibu, na ndipo mafunzo yanapozaa matunda. Mwaka 1976 watafiti David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichunguza jinsi mtu mzima anavyowasaidia watoto wa miaka mitatu hadi mitano kujenga piramidi ya vipande vya mbao, nao wakauita msaada huo kiunzi. Wewe unayeishi Kariakoo hutapata shida kuelewa: maghorofa yanayopanda kando yako husimamishiwa mirunda, zege likishika mirunda inaondolewa. Mama wa Mtaa wa Sikukuu alisimamisha mrunda mmoja tu, lile swali la pili. Angetoa jibu, angekuwa amejenga yeye.

Kutoka kwenye maongezi tunapanda hadi kwenye sauti. Hapa ndipo wanafunzi wangu huchanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Kabla mtoto hajajua herufi, anatakiwa asikie kwamba neno limeundwa na vipande. Uwezo huu huitwa ufahamu wa sauti. Hauhitaji kitabu wala taa. Unaweza kuufundisha umeme ukiwa umekatika. Mwambie apige makofi kwa kila silabi, yaani kila kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja. Nyanya: makofi mawili. Kariakoo: Ka-ri-a-ko-o, makofi matano, na watoto hufurahi sana kugundua ile "o" ya mwisho inayojitegemea. Msimbazi itazua ubishi, kwa sababu ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili ingawa haina irabu. Acha wabishane. Anayebishana juu ya makofi ya neno ameshaanza kulisikiliza.

Kisha mcheze na sauti ya kwanza ya neno. "Nipe kitu kinachoanza kama nazi." Akisema "nyanya", usiharakishe kumpongeza. Kwenye maandishi, maneno yote mawili huanza na herufi n, lakini sauti ni mbili tofauti: "ny" ni sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili. Mtoto anayesikiliza kwa masikio hukosea mara chache. Mkosaji huwa mtu mzima, kwa kuwa tayari anayaona maandishi kichwani.

Hapo ndipo herufi zinapoingia. Kiswahili kina ukarimu mkubwa: karibu kila herufi inasomwa vilevile popote ilipo, na silabi nyingi huishia na irabu. Ndiyo maana walimu wetu hufundisha "ba be bi bo bu". Ni njia nzuri, mradi usianze na majina ya herufi ya Kiingereza. Ukimfundisha mtoto kwamba hii ni "bii" na hii ni "ei", kisha ukamtaka aziunganishe apate "ba", unamtesa bure. Mtajie sauti.

Na atasoma nini? Angalia kabati lako. Kila kanga ina jina lake, maandishi yaliyopigwa chapa upande wa chini. Tandika doti moja sakafuni, umwambie mtoto atafute M zote. Neno MAMA liko kwenye kanga nyingi, na mtoto akiligundua kwenye nguo uliyoivaa atalisoma hadi umwombe apumzike. Kuna jambo moja la kuangalia: jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, wakati vitabu vya watoto vimejaa ndogo. Kwa hiyo neno alilolipata kwenye kanga liandike chini yake kwa herufi ndogo, kwenye karatasi yoyote, hata ya kufungia vitumbua. Akishaanza kuunganisha silabi mwenyewe, mpeleke Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967 kule Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kutoka Kariakoo ukikatiza Mnazi Mmoja, si safari ya kuogopwa. Vipindi vya televisheni kama Ubongo Kids, vinavyotengenezwa papa hapa Dar es Salaam tangu 2014, vinasaidia pia. Ila kaa naye umuulize kilichotokea. Televisheni haiwezi kumsubiri mtoto ajibu.

Utaniambia: jirani yangu amempeleka wa kwake shule ya mchepuo wa Kiingereza, je, nami nimsomeshe kwa Kiingereza? Maoni yangu ni haya, na nayasema kwa uhakika. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha anayoiongea anajifunza kitu kimoja, yaani jinsi alama zinavyobeba sauti anazozijua. Anayejifunza kwa lugha ngeni anabebeshwa viwili kwa pamoja. Mpe kusoma kwa Kiswahili kwanza. Ujuzi wa kusoma ukishapatikana unahama naye kwenda kwenye lugha ya pili na ya tatu. Nyimbo na maamkizi ya Kiingereza yaje kwa mdomo, hayadhuru.

Kuhusu ratiba sitasema mengi. Sipendi zile zinazobandikwa ukutani zikigawa siku ya mtoto wa miaka minne kwa vipindi vya dakika arobaini. Dakika kumi au kumi na tano za kukaa pamoja zinatosha kwa umri huo, mara mbili kwa siku, na katikati kazi za nyumbani ziendelee. Kariakoo haikai kimya. Vipaza sauti vikishaanza kutangaza bei, masikio ya mtoto yanakwenda huko. Kwa hiyo michezo ya sauti iwe alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, na kuhesabu kuje baadaye kwa sababu hakudhuriwi na kelele. Ukiwa na mchanga wa kunyonyesha, mpe mkubwa kazi ya kumfundisha mdogo wake. Mtoto anayeeleza jambo hulishika mara mbili.

Hesabu ndiyo ngazi ya mwisho ninayotaka kukufikisha leo, na soko linatusaidia kuliko kitu kingine chochote. Watafiti wa Marekani Rochel Gelman na Randy Gallistel walionyesha mwaka 1978 kwamba kuhesabu, tunakokuona kama jambo moja, kumeundwa na kanuni kadhaa. Nitakupa tatu. Ya kwanza ni mpangilio thabiti: majina ya namba yafuatane vilevile kila mara. Ya pili ni mmoja kwa mmoja: kila kitu kipate jina moja tu, kisirukwe wala kisirudiwe. Ya tatu ni kanuni ya jumla: namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote.

Hii ya tatu ndiyo inayowashangaza wazazi. Mwekee mtoto wa miaka mitatu fungu la nyanya tano. Atahesabu vizuri, akigusa moja moja, hadi tano. Muulize, "Ziko ngapi?" Mara nyingi hatasema tano, ataanza upya, moja, mbili, tatu. Usimkaripie. Kwake kuhesabu bado ni kitendo, kama kucheza rede. Hajajua kwamba kinatoa jibu. Dawa yake ni kumpa kazi: "Niletee vitunguu vitatu." Akileta konzi nzima, bado. Akihesabu, akasimama kwenye tatu, akakuletea hivyo tu, amevuka mto mkubwa. Sikiliza pia ngeli zake. Atatoka kwenye "mbili" ya kuhesabia aende "mayai mawili", "vitunguu viwili", "watoto wawili", kisha agundue kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kamwe.

Baada ya hapo zinakuja fedha. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili walichapisha utafiti wao kuhusu watoto waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni huko Recife, Brazili. Walipojifanya wateja, watoto walipata karibu asilimia 98 ya hesabu. Walipowapa hesabu za namna ileile kwenye karatasi kwa tarakimu tupu, wakapata asilimia 37 hivi. Mvulana mmoja wa miaka 12 aliuza nazi nne za 35 kila moja. Kichwani alianza na bei ya nazi tatu, 105, akaongeza 30, kisha tano, akatoa 140, sahihi. Kwenye karatasi, 35 mara 4 ikampa 200.

Mtoto yule alijua hesabu. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba hesabu ya sokoni na ya karatasi ni moja, na mtu huyo unaweza kuwa wewe. Mkirudi kutoka sokoni, kabla mboga hazijaoshwa, kaa naye mezani au mkekani. Mafungu mawili ya nyanya, kila fungu shilingi 500. Muulize jumla na umwache aipate kwa njia yake, kwa vidole, kwa sarafu au kwa midomo inayochezacheza. Akishakujibu, mwandikie kile alichokisema yeye, 500 + 500 = 1000, umwonyeshe ni alama ipi inasimama mahali pa neno lipi. Kesho yake mwambie aandike yeye, nawe uwe mteja.